Kamba Moja Kando ya Mto

Kabla sijaiona sura yake, niliisikia chaki. Likizo iliyopita walimu wa hesabu wa sekondari za mkoa wetu tuliitwa semina pale Bariadi mjini, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na feni inayozunguka kwa kujilazimisha. Nilichelewa kwa sababu ya mvua, nikaingia nimeinama kama wachelewaji wote, natafuta kiti cha nyuma. Huko mbele mtu alikuwa anachora grafu. Chaki ilipanda taratibu ikikwaruza kidogo, ikapumzika kidogo pale juu, ikashuka, ikapumzika tena, ikapanda. Simjui mtu mwingine anayechora hivyo, anayetulia kila mkunjo unapogeuka. Nikainua macho. Mvi zimemjaa, shati bado ni la mikono mirefu, vifungo mpaka shingoni. Alikuwa mwalimu wangu wa kidato cha tano na cha sita.

"Huyu mzee ameshastaafu, wamemwomba aje atufundishe kufundisha," jirani yangu wa kiti akaninong'oneza. "Inasemekana hakuna kama yeye." Nikamwambia ni kweli, hakuna.

Ngoja nikusimulie ya nyuma, rafiki yangu, maana ukisikia yaliyotokea ukumbini peke yake utaniona mwanamke wa ajabu, mwenye kinyongo kisicho na kichwa wala miguu.

Shule yetu ilikuwa pembeni ya mji, mabweni yake ya bati yakiunguza mchana na kupiga kelele mvua ikinyesha. Sisi wa mchepuo wa hesabu tulikuwa wachache, na wasichana tulikuwa wachache zaidi. Wengi walitoka mikoa ya mbali na walikicheka Kiswahili chetu cha Usukumani, jinsi tunavyoyavuta maneno. Mwalimu wa hesabu alikuwa mtu wa hukuhuku. Alizungumza kama baba zetu wadogo, na kwa hilo tu nilimpenda kabla hajafundisha lolote. Mimi sikuwa na baba nyumbani, nililelewa na bibi huko Migato, kwa hiyo mapenzi yangu yalikuwa hayana pa kwenda. Yakaenda kwake.

Kalkulasi ilitakiwa ifundishwe kwa Kiingereza, naye alianza hivyo, lakini ukifika pale pagumu alikiacha Kiingereza kama mtu anayevua viatu mlangoni. Siku ya kwanza ya somo la kuchora grafu alitutoa nje, akatupeleka kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya jiko la shule. Tukadhani ni adhabu. Akatuambia tukipande mmoja mmoja, pole pole.

"Nyayo zinasemaje?" akaniuliza nilipokuwa katikati.

"Zinapanda, mwalimu."

"Na sasa?"

Nilikuwa nimefika juu. "Zimelala."

"Basi hapo mteremko ni sifuri. Usiamini macho, binti, amini nyayo." Kisha akaniambia niruke upande wa pili, kwenye shimo walikochimba udongo wa matofali, akaniuliza tena. Nyayo zilikuwa zimelala vilevile. "Sasa utajuaje uko kileleni au uko shimoni? Angalia ulipotoka na unapokwenda. Ulikuwa unapanda, sasa unashuka? Kilele. Ulikuwa unashuka, sasa unapanda? Shimo." Wapishi walikuwa wanatuchungulia dirishani wakicheka, na mimi nilikuwa nimesimama shimoni na vumbi jekundu mpaka magotini, nimeelewa kitu ambacho kitabu kilikuwa kimenifungia mlango mwezi mzima.

Tangu hapo tukawa na wimbo. Ukipewa mlinganyo wowote unauliza: inakatiza wapi, inapanda wapi, inachoka wapi? Kule kuchoka ndiko kugeuka. Tuliimba hivyo tukifua, tuliimba kwenye foleni ya uji, hata wale wa mikoa ya mbali waliimba, tena kwa lafudhi yetu. Mwalimu alipenda kusema kwamba mkunjo haudanganyi, ukiuuliza vizuri utakujibu. Mimi niliandika maneno hayo kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari langu. Leo nayaandika hapa na mkono unataka kukataa.

Sasa nikupeleke kwa bibi. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya mto, mto wetu wa msimu, unaojaa masika na kiangazi unabaki mchanga mweupe ambao ukiuchimba unapata maji matamu. Kati ya nyumba na mto ndipo ilipokuwa ngitili yake. Kama wewe si wa kwetu, ngitili ni sehemu ya nyasi inayofungwa. Mvua ikianza, hakuna ng'ombe anayeingia, hakuna mbuzi, hata mtoto haruhusiwi kuingia kukata fimbo. Nyasi zinaachwa zirefuke, zikomae, zikaukie hapohapo zimesimama. Halafu kiangazi kikishakaza, kila mahali pamekuwa vumbi, ndipo inafunguliwa, na ng'ombe wanakula huku wengine wa kijiji wanahamishwa kwenda mbali. Ngitili ya bibi ndiyo ilikuwa maisha yetu. Wanyama walipita humo kushuka mtoni kunywa, wakarudi wakila.

Siku ya kuifungua bibi aliingia wa kwanza, peke yake. Alichuma unyasi mmoja, akautafuna, akatema, akasema neno moja tu, "Mhola," yaani ni shwari, na hapo ndipo tuliondoa miiba ya mlangoni. Naikumbuka sauti ya ng'ombe wale wakichana nyasi kavu, wote kwa pamoja. Naikumbuka harufu ile pia. Jioni kulikuwa na maziwa ya kutosha hata ya kumwagia paka, na mimi nilikaa na kibuyu mapajani nakitikisa mpaka samli itengane, mikono ikiuma, bibi akinitania kwamba nitaolewa na mwanaume mvivu nimtikisie mpaka nizeeke. Tulikula ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na karanga, na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Sijala kitu kitamu zaidi, na nimeshakula mahotelini.

Tulipofika kwenye yale maswali ya kutafuta kubwa kabisa na dogo kabisa, mwalimu alichora mto ubaoni. Una kamba ya urefu fulani, akasema, unataka kuzungushia uwanja wenye umbo la mstatili. Upande wa mto hauhitaji kamba, mto wenyewe ni ukuta. Utaikunja vipi kamba yako ili upate uwanja mkubwa kuliko wote? Akacheka, akasema swali hili halitaki ubao, linataka mto. Akauliza nani kwao kuna uwanja wa nyasi kando ya mto, karibu na tunapoweza kufika na kurudi.

Nilinyosha mkono nusura nianguke kwenye dawati.

Tulikwenda Jumamosi, darasa zima, nyuma ya gari la kubebea pamba. Masika yalikuwa yameiva, na ngitili ilikuwa imefungwa, nyasi zimefika kiunoni. Mwalimu alikuja na kamba ya katani aliyoiviringisha begani, kamba ndefu kweli, na vigingi kwenye mfuko. Bibi alitoka, mwalimu akainama kumsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola. Nimekuletea wajukuu. Wanataka kusomea kwenye ngitili yako."

Bibi alitazama nyasi zake, akanitazama mimi. Hakuwahi kuifungua masika, hata kwa ndugu. "Mwalimu wa mtoto wangu siwezi kumnyima," akasema, akaondoa miiba mwenyewe. Baba mdogo naye alikuwepo, mdogo wa mwisho wa baba yangu, akipita huku na huku na kuwaonyesha wanafunzi mahali pa kupigia vigingi. Nilishangaa bidii yake, maana hakuwa mtu wa bidii. Majirani walisogea kutazama.

Tukapima. Kwanza tulikwenda mbali na mto, tukapata uwanja mrefu mwembamba. Halafu tukaisambaza kamba kandokando ya mto, tukapata mwembamba wa upande mwingine. Kila mara mwalimu alituambia tuhesabu eneo, tukaliweka kwenye grafu iliyochorwa mchangani kwa fimbo. Ile grafu ilipanda, ikachoka, ikashuka. Mimi ndiye niliyepiga hesabu ya pale inapochoka. Nusu ya kamba ilale sambamba na mto, na robo robo ziende pande mbili. Yaani urefu wa kando ya mto uwe mara mbili ya kina. Nikapiga kelele. Mwalimu akaniinua mkono mbele ya wote, akasema, "Huyu ndiye atakayechukua nafasi yangu." Tulipiga vigingi kwenye kona zile, na bibi amesimama mlangoni mwa ngitili, mikono nyuma, anatabasamu kwa sababu mimi nilikuwa natabasamu.

Kisha akatulisha. Alipika michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwa karanga, akachinja na jogoo, akatoa mgando ambao haukuwa mwingi msimu ule. Mwalimu alikula mara mbili, akanawa, akamshukuru bibi, "Wabeja, mayu," kwa mikono miwili. Kamba akaiviringisha. Vigingi akavisahau ardhini, au mimi nilidhani amevisahau.

Nilirudi nyumbani likizo ya kiangazi. Nilikuwa nimebeba ripoti yangu ya matokeo kwenye bahasha, natembea haraka, nasubiri kusikia ng'ombe wakichana nyasi. Sikusikia. Nilipotokea kwenye kona ya njia niliona seng'enge, waya mpya unaong'aa, umenyoshwa kwenye nguzo kando kwa kando ya mto. Ndani yake nyasi zilikuwa zimefyekwa na miche ya nyanya imepangwa kwa mistari, na mashine ya kuvuta maji inanguruma. Sikuhitaji kuuliza. Nilitazama ule urefu wa kando ya mto, nikatazama kina chake, na nyayo zangu zikalala. Ulikuwa mara mbili. Lilikuwa jibu langu, limesimama pale kwa nguzo na waya.

Habari niliipata vipande vipande, kwa jirani na kwa bibi. Baba mdogo alikuwa amekubaliana na mwalimu kumkatia "eneo la kamba moja", akapata pikipiki. Kwetu watu hupimiana hivyo, kamba moja, kamba mbili, na kila mtu anaelewa kwamba kamba inazunguka pande zote nne. Baba mdogo alijua anatoa kipande kidogo cha pembeni. Alituona tukipima siku ile, lakini hakung'amua kwamba mwalimu ameuacha upande wa mto bila kamba, akaikunja yote pande tatu kwa namna ambayo msichana wa kidato cha tano ameshamtafutia. Kamba ileile ikizungushwa pande nne ingempa nusu tu ya alichopata. Hata baba mdogo alipunjwa, nami simhurumii.

Lakini ardhi haikuwa yake, utaniambia. Ilikuwa ya bibi. Ndivyo bibi alivyosema kwenye baraza la kijiji. Na hapo ndipo jogoo wetu alipotoa ushahidi. Kwetu mtu akikatiwa ardhi, mwenye ardhi huwafungulia wapimaji kwa mkono wake, husimama vigingi vikipigwa, na mwisho huwalisha. Ukishawalisha umekubali, hapahitajiki saini. Majirani wakaulizwa, na majirani hawakudanganya. Ndiyo, alifungua mwenyewe, tena masika. Ndiyo, alisimama pale. Ndiyo, walikula, na mwalimu akashukuru kwa mikono miwili. Baraza likampa mwalimu haki. Mwalimu alikuwa mtoto wa hukuhuku, aliijua mila ile tangu tumboni. Bibi alikuwa analisha darasa la mjukuu wake, yeye alikuwa anapiga muhuri.

Wapo waliosema pale kijijini kwamba mimi ndiye niliyemleta. Nilimleta, ndiyo. Nilimleta mwalimu wangu kwa bibi yangu, kama mtoto yeyote anayejivunia mwalimu wake, na sitamwomba mtu radhi kwa hilo. Aliyegeuza ugeni kuwa mtego ni yeye.

Bibi hakunigombeza. Tuliketi kwenye mwamba wa kuanikia, na matobolwa hayakuwepo, akaniuliza, "Ng'wana wane, mtoto wangu, siku ile mlikuwa mnapima nini?"

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia ni elimu ya kutafuta eneo kubwa kabisa ukiwa na kamba ileile. Alinisikiliza vizuri, hakunikatiza.

"Na hiyo ndiyo wanafundisha shule?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya," akasema, akanyanyuka kwenda kuwatazama ng'ombe.

Ng'ombe walikuwa wanalia. Mto ulikuwa palepale, wanausikia harufu, lakini waya uliziba mbele yote, na kuuzunguka ilibidi kupita mashamba ya watu, kila siku ugomvi. Nyasi zilizobaki zilikuwa zile za juu, nyembamba, za mawe. Kabla mvua hazijarudi bibi aliwapeleka kwa jamaa huko Kimali, na huko wengine wakafa, wengine wakawa wa jamaa. Walipoondoka alisimama mlangoni mwa zizi na fimbo mkononi mpaka vumbi likatulia. Kile kibuyu cha samli kilipasuka ukutani kwa ukavu. Bibi aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, akinywa chai ya rangi, na hakuwahi kuizoea.

Mimi nikarudi shule. Hili ndilo watu hawalielewi nikiwasimulia. Nilirudi, nikakaa dawati la mbele, na mwalimu akaingia na chaki yake akatufundisha kama kawaida, vizuri kama kawaida. Nilimsubiri. Kila kipindi kikiisha nilikawia kukusanya vitu vyangu, nikimpa nafasi ya kusema neno, lolote, hata uongo. Alinisifia mbele ya wenzangu. Aliniazima rula yake. Aliniuliza kama bibi hajambo. Nikasema hajambo. Nilifaulu mtihani wa mwisho kuliko wote, nikaenda chuo, nikawa mwalimu wa hesabu, jinsi alivyosema mbele ya vigingi.

Turudi ukumbini. Alimaliza ile grafu yake, akafuta ubao, akachora mto. Nikajua kinachokuja. Akawaambia walimu kwamba swali hili halitaki ubao, linataka mto. Akasimulia kwamba zamani aliwahi kulipakia darasa zima, akalipeleka Itilima, ndiko Migato iliko, kwa bibi mmoja mkarimu sana, wakapima kwa kamba kwenye nyasi, wakapikiwa kuku, na wanafunzi wale hawakusahau hesabu hiyo maisha yao yote. Ukumbi ulicheka kwa raha. Kisha macho yake yakanifikia.

"Na huyo pale nyuma! Huyo ndiye aliyeipata. Njoo mbele, binti yangu, njoo uwaonyeshe."

Nilikwenda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia. Nilipofika mbele yake magoti yangu yalikunjika yenyewe, nikamsalimu kama tunavyowasalimu wazee, kabla sijakumbuka kwamba namchukia. Watu wakapiga makofi. Akanipa chaki, na hata chaki ilikuwa na joto la mkono wake.

Nikachora mstatili kando ya mto, nusu kwa robo na robo. Nikachora grafu pembeni, inapanda, inachoka, inashuka. Makofi tena. Sikurudisha chaki. Juu ya mstatili, upande ulio mbali na mto, nikachora nyumba ndogo ya msonge, na nyuma yake zizi. Kisha nikamgeukia.

"Mwalimu, ng'ombe wa bibi wanapita wapi kwenda kunywa maji?"

Yeye aliutazama ubao. Niliona amenielewa, nakuapia, niliona kabisa kwenye macho yake, na moyo wangu mpumbavu ukasimama kumsubiri kama ulivyokuwa ukisubiri darasani. Kisha akatabasamu, akawageukia wenzangu.

"Hilo halimo kwenye swali," akasema.

Wakacheka. Akachukua dasta, akaifuta nyumba ya bibi, akalifuta na zizi, taratibu, kwa uangalifu, asiuguse mstatili.

Nimepita Migato juzi. Bustani ya nyanya ilikufa miaka mingi iliyopita, mashine iliharibika, waya umekuwa mwekundu kwa kutu na hakuna anayejua ni wa nani sasa. Nyasi hazikurudi. Nilisimama pale nikijaribu kuikumbuka ile sauti ya ng'ombe wote wakila kwa pamoja, nikaipata kidogo, ikapotea.

Jumatatu nilikuwa na kipindi cha kidato cha tano. Wanangu walikuwa wamekwama, kitabu kimewafungia mlango. Nilitafuta namna yangu mwenyewe ya kuwafundisha, nakuambia niliitafuta kweli, nimesimama mbele yao na chaki. Halafu nikawatoa nje, nikawapeleka kwenye kichuguu.